Tik-Tik Kwenye Pikapu Kuukuu: Kuchagua na Kutunza Heda za Ekzosi



Nilipoombwa kuandika kwenye ukurasa huu wa "Maisha ya Ughaibuni", nilidhani nitazungumzia visa au kodi ya nyumba. Lakini nikiwa mkweli, kitu ninachokijua kuliko vyote baada ya masomo yangu ni pikapu langu, Chevrolet C10 la mwaka 1979, injini ya V8 yenye ujazo wa inchi 350, yaani lita 5.7. Wengi wenu mmeshalipanda. Ndilo lililobeba magodoro, majiko na makochi yenu kila mwisho wa muhula. Wengine huku tunabeba boksi, na pikapu langu nalo linabeba boksi.

Basi leo nataka tuzungumze kuhusu mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, hasa yale mafundi wanayoyaita heda. Siandiki ili kuwafundisha kupiga kelele barabarani. Naandika kwa sababu kidogo tu bomba hizo zituzike.

ILIVYOKUWA

Ilikuwa Januari, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Tulikuwa watatu kwenye kebini, tunamhamisha dada mmoja wa Bujumbura. Vioo tumefunga hadi juu, hita tumefungua yote. Injini ilikuwa inalia tik-tik-tik kila nikikanyaga mafuta. Mlio huo nilikuwa nao mwezi mzima, nikawa naupuuza. Nilijiambia gari kuukuu haliwezi kukosa kelele.

Baada ya dakika arobaini kichwa kikaanza kuniuma. Mwenzangu aliyekaa katikati akasema anasikia kizunguzungu, mara akataka kutapika. Tukalaumu pilau ya jana yake. Tulipofika na kuanza kushusha mizigo, tukapata nafuu. Tukarudi kwenye gari, kichwa tena. Yule dada, ambaye anasomea uuguzi, akatutazama akasema, "Kaka zangu, hiyo si pilau. Nyie mnavuta moshi." Tukafungua vioo na baridi yote ile, tukaenda hospitali. Mwenzangu aliwekewa oksijeni saa kadhaa. Bili yake sitaki hata kuikumbuka, lakini tulitoka wazima.

Tulichovuta ni kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Unaweza kusikia harufu ya moshi kwa sababu ya vitu vingine vilivyomo, lakini yenyewe huisikii. Inashikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba kile mwili unachokihitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Huo usingizi ndio hatari yenyewe, maana anayesinzia hashuki garini.

Iliingiaje ndani? Manifoldi ya ekzosi ilikuwa na ufa, na moshi ulikuwa unatoka moja kwa moja chini ya boneti. Hita ya gari inavuta hewa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapoishia. Mpira wa kuziba boneti ulikuwa umeshaoza. Tena palikuwa na tundu kwenye ukuta wa kebini ambapo mwenye gari wa zamani alipitisha waya wa redio. Moshi ulikuwa na milango miwili!

MANIFOLDI NI NINI, NA HEDA NI NINI

Kila silinda ina tundu la kutolea moshi kwenye silinda hedi. (Msichanganye hedi na heda, tafadhali. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kimoja nikimaanisha kingine.) Gari linapotoka kiwandani, matundu ya upande mmoja hukusanywa na pande moja zito la chuma cha kumimina kwenye kalibu. Hiyo ndiyo manifoldi. Ni imara, haina kelele na inavumilia kutu miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba njia za moshi ni fupi na zimebanana, moshi wa silinda moja unagongana na wa nyingine.

Heda ni mabomba mepesi ya chuma, kila silinda bomba lake, yote yakikutana mbele kidogo kwenye bomba moja kubwa, yaani kikusanyio. Moshi hautoki kama maji ya mfereji, unatoka kwa mapigo. Pigo moja likipita kwa kasi linaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo ukifika kwa wakati wake unasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Ndiyo maana urefu na upana wa bomba si mapambo.

Chukua hii Chevrolet. Silinda zake zinawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba za witiri ziko upande wa kushoto, za shufwa upande wa kulia. Tazama 5 na 7: zinafuatana na ziko upande mmoja. Vivyo hivyo 8 na 4. Kwenye manifoldi, pigo la ya pili linakuja kabla la kwanza halijapata nafasi ya kuondoka. Kwenye heda kila moja ina njia yake, hadi zikutane mbele.

JE, UNAZIHITAJI KWELI?

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana mimi sikusikiliza. Mlio wa tik-tik si lazima uwe na maana kwamba manifoldi imekufa. Mara nyingi ni bolti iliyolegea au kukatika, au gasketi iliyoungua. Gasketi ni kitu cha bei ndogo. Hata manifoldi nzima iliyotumika, kutoka kwenye uwanja wa magari mabovu, haiwezi kukufilisi ukiikagua vizuri kabla ya kulipa.

Tena nguvu za heda zinategemea kile kilicho nyuma yake. Ukiweka heda nzuri halafu ukaziunganisha na bomba lile lile jembamba na silensa ile ile iliyoziba kutu, umefungua mlango wa chumba lakini wa nyumba umeufunga. Kama gari lako ni la kwenda darasani na sokoni, rudishia manifoldi, funga vizuri, lala usingizi. Heda zina maana kama manifoldi zote mbili zimepasuka, au kama gari linavuta mizigo mara kwa mara na uko tayari kuzihudumia. Mimi nilikuwa na sababu zote mbili, nikanunua. Nikanunua vibaya.

MAKOSA YANGU YA KWANZA

Muuzaji aliniambia bomba kubwa ndio nguvu kubwa. Nikachukua heda ndefu zenye mabomba ya inchi 1¾ (milimita 44), chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi, bei ya kutupa. Matokeo yake yalikuwa haya:

Kwanza, gari lilipoteza nguvu ya kuondokea. Bomba likizidi upana, moshi unapunguza mwendo na ule mvuto unapungua kwenye mzunguko mdogo wa injini. Mashindano wanakimbiza injini juu muda wote. Mimi natoka kwenye taa nikiwa na kochi na friji nyuma.

Pili, bomba moja lilikuwa linagusa vyuma vya klachi. Muuzaji hakuniuliza kama gari langu ni la gia za mkono, nami sikumwambia.

Tatu, heda ndefu zilining'inia chini. Kila tuta la theluji lililoganda lilikuwa linapiga hodi.

Nne, fleji, yaani kile kibati kinachobana kwenye hedi, kilikuwa chembamba. Kilipopata moto kikapinda, gasketi zikawa zinaungua kila baada ya miezi michache. Na tik-tik ikarudi! Baada ya majira mawili ya baridi, chumvi ya barabarani ilikuwa imetoboa mabomba. Rahisi ikawa ghali, kama wasemavyo wahenga.

NAMNA YA KUCHAGUA

Upana. Kwa injini ya lita 5.7 ambayo haijaongezwa makali, pikapu la kazi, bomba za inchi 1⅝ (karibu milimita 41) zinatosha kabisa. Injini ndogo zaidi inataka bomba jembamba zaidi. Ukisita kati ya saizi mbili kwa gari la mizigo, chukua ndogo.

Urefu. Heda ndefu zinasaidia zaidi nguvu ya chini na ya katikati, lakini zinabana, zinashuka chini na ni ngumu kufunga. Heda fupi hazitoi nguvu kubwa kushinda manifoldi nzuri, ila zinaingia kirahisi, zinaacha nafasi, na mara nyingine zinakutana na mabomba ya zamani bila kuchomelea sana. Kwenye nchi ya theluji mimi sasa niko upande wa fupi.

Unene. Bomba za geji 14 zina unene wa karibu milimita 1.9, za geji 16 karibu milimita 1.5. Kumbuka geji inakwenda kinyume: namba ndogo ndiyo chuma kinene. Fleji tafuta ya inchi ⅜, yaani karibu milimita 9.5.

Chuma. Chuma cha kawaida na rangi ni cha bei nafuu, lakini rangi inaungua na kutu inaingia. Ukikipaka seramiki ndani na nje kinadumu zaidi, na joto linapungua chini ya boneti. Stenlesi ziko za aina nyingi. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, inastahimili kutu vizuri na bei yake inauma. Ya 409 ina kromiamu kama asilimia 11, itapata kutu ya juu juu lakini haitoboki upesi. Muuzaji akikwambia "stenlesi", nenda na sumaku: ya 409 inashika, ya 304 kwa kawaida haishiki au inashika kidogo sana. Mimi wanafunzi mwenzenu nilichukua chuma cha geji 14 chenye seramiki. Ndicho mfuko uliweza.

Kuingia kwenye gari. Kabla ya kulipa, andika kwenye karatasi: mwaka wa gari, injini, gia za mkono au otomatiki, linavuta magurudumu mawili au manne, na plagi zimekaa wima au zimeinama. Bomba likipita mbele ya plagi, utajuta kila ukitaka kuibadilisha.

Sheria. Hili msilichezee, hasa sisi wenye viza. Minnesota iliacha kupima moshi wa magari mwaka 1999, na watu wengine wanadhani ndio ruhusa ya kukata konveta, lile kopo la kusafisha moshi. Si ruhusa. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inakataza kuondoa vifaa hivyo, jimbo lipime lisipime. Kama gari lako limekuja na konveta, heda ziunganishwe mbele yake na yenyewe ibaki. Ukiwa California, gari la mwaka 1976 na kuendelea la petroli linapimwa, na heda lazima ziwe na namba ya idhini ya jimbo. Walio majimbo mengine waulize kabla, sio baada.

KUFUNGA

Kazi yenyewe ni siku mbili kwa asiyejua, na siku ya kwanza yote ni bolti za zamani. Zimwagie mafuta ya kulegeza nati siku mbili tatu kabla, asubuhi na jioni. Usilazimishe. Bolti ikikataa, irudishe kidogo, ipeleke mbele kidogo, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mimi niliikata moja ndani ya hedi. Nilipompigia simu mzee wangu Tanga, aliyeendesha Peugeot 504 pikapu maisha yake yote, akacheka akasema, "Mwanangu, chomelea nati juu ya kile kisiki, kikiwa bado cha moto kizungushe." Nikamtafuta mwenye mashine ya kuchomelea. Ilitoka mara ya kwanza. Elimu ya gereji za kwetu msiidharau.

Safisha uso wa hedi mpaka ung'ae. Weka rula ya chuma kwenye fleji mpya uone kama imenyooka. Kama mwanga unapita pakubwa, irudishe dukani. Gasketi za karatasi nyembamba ziache. Tafuta za tabaka za chuma, za shaba, au za alumini laini. Bolti zipake kidogo grisi ya nikeli inayozuia kushikana kwa joto.

Halafu, bolti zote ziingie kwa vidole kwanza kabla ya kukaza hata moja. Upande mmoja una sita. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na spana ya torki. Zangu zilitaka pauni-futi 20 hadi 25, lakini fuata karatasi iliyokuja na heda zako. Kukaza kupita kiasi kunapinda fleji, na hiyo ndiyo tik-tik ya kesho.

Kitu kimoja kwa wenzangu wa nchi za baridi. Manifoldi yangu ya zamani ilikuwa na kifuniko cha bati kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta. Heda nyingi hazina mahali pa kukifunga. Bila hewa hiyo injini inakohoa sana asubuhi, na kabureta linaweza kushika barafu ndani. Mimi nilitengeneza kibati kinachobana kwenye bomba moja la heda, nikavuta mpira wa hewa kutoka hapo.

KUTUNZA

Kwanza kabisa, kukaza tena. Washa injini ipate moto sawasawa, izime, iache ipoe kabisa, kaza. Rudia baada ya maili 100 na tena baada ya maili 500. Baada ya hapo, kila ukibadilisha oili pitisha spana. Watu wengi wanaosema heda hazifai waliruka hatua hii.

Pili, sikiliza asubuhi gari likiwa baridi. Uvujaji mdogo unalia mwanzoni, halafu chuma kikipata moto kinapanuka na mlio unapotea. Usidanganyike kwamba umepona. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe karibu na viungo bila kugusa feni wala mikanda. Utasikia mahali panapopiga. Alama nyingine ni masizi meusi kwenye kiungo.

Njia ya uhakika zaidi: injini ikiwa baridi na imezimwa, chukua mashine ya kufyonza vumbi ya gereji, igeuze ipulize, iweke kwenye mdomo wa ekzosi nyuma. Nyunyizia viungo maji ya sabuni. Panapotoka mapovu ndipo penye tatizo. Haina gharama na haina moshi.

Tatu, joto. Waya za plagi zifungwe mbali na mabomba, na vifuniko vyake viwe vya kuhimili moto. Stata ikikataa gari likiwa la moto na kukubali likipoa, heda zinaichoma, iwekee kinga ya bati. Oili ikivuja kutoka kava la valvu inadondokea bomba la moto. Mwanzo ni harufu, mwisho unaweza kuwa moto wenyewe, kwa hiyo ziba mapema.

Nne, kutu. Wakati wa baridi osha chini ya gari kila upatapo siku isiyoganda. Ule utepe wa kuzungushia mabomba mimi siupendi kwa chuma cha kawaida, unashika maji na chumvi na kutu inakula ndani bila wewe kuona.

Tano, kwa wenye magari ya sindano za mafuta: uvujaji ulio mbele ya sensa ya oksijeni unavuta hewa ya nje. Sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Unalipa petroli kwa ajili ya tundu dogo.

NENO LA MWISHO

Yote hayo ukiyasahau, kumbuka haya. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata mlango ukiwa nusu wazi. Theluji ikianguka, ondoa iliyoziba mdomo wa ekzosi kabla ya kukaa ndani na hita. Usimpakie mtu nyuma ya pikapu lenye kibanda cha kufunika, maana moshi unavutwa pale nyuma. Ziba kila tundu kwenye ukuta wa kebini. Na abiria wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja, simama, zima gari, shukeni nje, tafuteni daktari. Msitafute aliyepika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulikuwa na urefu wa kidole, nao ulikaribia kuchukua watoto wawili wa watu waliotumwa huku kusoma. Sasa pikapu liko kimya. Anayehama muhula huu aniambie mapema, na mafuta tuchangie.

Wasalaam, mwenzenu wa C10.